Mnyoo Aliyevaa Punje ya Mbuzi

Ukifika Nyansurura ukamuulizia Bwana Mifugo, utaonyeshwa nyumba ya mwanamke, na usidhani unataniwa. Mokami Ryoba ndiye Bwana Mifugo wa kitongoji kile, ingawa serikali haijawahi kumwajiri hata siku moja na yeye si bwana wa mtu. Yule wa serikali ana eneo kubwa na pikipiki moja mbovu, na akija, amekuja. Mokami yupo kila siku. Ana boksi la bati lililobanduka rangi, mizani ya kuning'iniza, kamba mbili, na kidole gumba ambacho kimefunua kope za mbuzi wengi kuliko idadi ya watu wa kitongoji kizima.

Kope ndiyo kazi yenyewe. Mbuzi mwenye damu ya kutosha, ukimfunua kope ya chini, ndani utakuta wekundu. Aliyevamiwa na minyoo wanyonya damu, utakuta weupe, na mbuzi huyo usipomwahi utamchuna. Elimu hiyo Mokami aliipata Mugumu kwenye mafunzo ya wiki mbili, akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja. Wanaume wale, tisa walikwenda zao kuchimba dhahabu Nyamongo na wawili wanauza vocha za simu. Aliyebaki na mbuzi ni yeye.

Kazi haikumtajirisha, ila ilimpa jina. Ugomvi wa mbuzi ukitokea, watu husema, "Mwiteni Mama Bhoke aangalie," na atakachosema Mama Bhoke ndicho kinachosimama. Bhoke ni binti yake wa kwanza. Mumewe, Ezra, mtu mpole wa kulima wimbi na kuchonga mipini, alishazoea kuitwa "mume wa Bwana Mifugo," na alikuwa akicheka kabla wenzake hawajacheka.

Sasa, miaka michache iliyopita mvua za vuli zilikatika mara mbili mfululizo. Majani yakaisha, mbuzi wakakonda, na dawa ya minyoo ikapanda bei mpaka watu wakaanza kusema bora waache tu, anayekufa afe. Hapo Mokami akatoa wazo. Kwani wao si watu wa risaga, wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu? Basi na dawa iwe ya risaga. Wote wachange chupa moja, na chupa ya mbuzi arobaini igawanywe kwa mbuzi themanini, kizibo kimoja cha soda kwa kila mbuzi, asikose hata mbuzi wa mjane.

"Nusu shari kuliko shari kamili," aliwaambia.

Watu wakalipenda wazo hilo, maana lilikuwa na haki ndani yake. Hata mvua ziliporudi hawakuliacha. Miaka minne walinywesha kwa kizibo cha soda, na Mokami ndiye aliyeshika chupa.

Aibu ilimkuta Mzee Nashoni. Yeye ndiye mwenye mbuzi wengi kuliko wote pale, na mjukuu wake alikuwa ameposwa. Wakwe wakaja kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari, naye akaamuru achinjwe beberu mnene, aliyenyweshwa dawa wiki moja tu nyuma. Vijana walipopasua lile tumbo la nne, dogo la mwisho, likamwaga minyoo wembamba kama nyuzi, wekundu waliosokotana na weupe, wazima, wanajinyonganyonga. Mkwe mmoja akageuza uso. Nyama ikapikwa, lakini wageni waligusagusa tu na kusema wameshiba kutoka njiani. Mzee Nashoni alimezea, nao walipoondoka akachukua fimbo yake akaenda moja kwa moja kwa Mokami.

"Shikamoo baba," alisema Mokami.

Mzee hakuitikia. "Mama Bhoke, mbuzi wangu uliwanywesha nini?"

"Dawa, baba. Ile tuliyochanga."

"Dawa gani inaacha minyoo wanacheza ngoma? Umetupa maji. Dawa yetu umeuza Mugumu."

Alisema kwa sauti ya kufika barabarani, akijua anachofanya. Kufikia jioni hakukuwa na nyumba ambayo haikusikia kuwa Mama Bhoke anawanywesha mbuzi maji. Na ubaya wa neno kama hilo, kila aliyewahi kufiwa na mbuzi alimkumbuka marehemu upya. Wiki hiyohiyo ukaitishwa ritongo, mkutano wa ukoo na majirani unaoamua mambo ya wizi na uharibifu. Zamani wanawake hawakuuona ritongo ila kwa mbali. Siku hizi mwanamke akihusika huitwa, akaulizwa, akajibu, na hukumu ikawa juu yake kama juu ya mwanamume. Kwa mwizi wa mali ya wote hukumu inajulikana. Anatengwa. Hauziwi chumvi, hapewi moto, na kisima akikifikia, waliopo wanaondoka.

"Nipeni mpaka wimbi livunwe," alisema Mokami mbele ya wazee. "Nisipowaletea jibu, nitengeni."

Mzee Thadeo, anayeongoza ritongo, akakubali. Nyumbani Ezra alimshauri aombe msamaha yaishe.

"Niombe msamaha wa wizi ambao sikuufanya?" alisema Mokami. "Ezra, hao mbuzi nimewafunua kope miaka kumi na miwili. Sijawahi kumwambia mtu mbuzi ni mweupe wakati ni mwekundu. Sitaanza leo kujiita mwizi."

Alikuwa ameumia, na alilia, lakini alilia akiwa anatafuta namba kwenye simu. Aliyemtafuta aliitwa Ombeni, kijana wa Upare anayesoma mambo ya minyoo chuoni, aliyekuja mwaka uliopita kuokota vinyesi vya mbuzi huku watoto wakimcheka. Mokami ndiye aliyemshikia mbuzi siku zote zile. Ombeni alisikiliza kisa chote, akauliza maswali mawili, na baada ya siku tisa akashuka kwenye pikipiki na hadubini mgongoni.

Walianzia kwa Mzee Nashoni mwenyewe, wazi wazi, mzee amekunja mikono anawatazama. Ombeni alikuja na chupa mpya kutoka dukani, ikiwa bado na lakiri yake, na mzee ndiye aliyeivunja lakiri. Mbuzi ishirini walipimwa uzito mmoja mmoja, wakanyweshwa dozi kamili kulingana na kilo zao. Kinyesi kilichukuliwa kabla ya dawa, kikachukuliwa tena wiki mbili baadaye. Ombeni alimfundisha Mokami kuyatafuta mayai ya minyoo kwenye hadubini, na baada ya asubuhi moja akamwachia kiti. Mokami alihesabu mwenyewe, jicho limebana, midomo ikisogea. Kama dawa ingekuwa inaua, kwa kila mayai mia yangebaki matano au pungufu. Yalibaki sabini.

"Basi na hiyo ya dukani ni maji," alisema Mzee Nashoni, akaenda zake kunywa uji.

Ombeni aliyachukua mayai ya minyoo hao ndani ya chupa ya spiriti akarudi chuoni. Wimbi likakomaa, likaanza kuvunwa shamba baada ya shamba, na Mokami akawa anaitazama mikono ya wavunaji kama mtu anayetazama saa. Bado mashamba mawili, simu ikalia.

"Mama, una karatasi?" aliuliza Ombeni.

Mokami alichukua daftari la hesabu la Bhoke, lenye viboksi.

Ombeni alimweleza taratibu. Kila kiumbe kimejengwa kwa seli, na kila seli ina kiunzi chake ndani, kama nyumba ilivyosimamishwa kwa fito kabla ya udongo. Fito hizo zimetengenezwa kwa protini, na mojawapo inaitwa tubulini. Tubulini ni mfano wa ushanga mrefu wenye punje zaidi ya mia nne, na kila punje ina zamu yake. Dawa ya minyoo inaing'ang'ania tubulini ya mnyoo, fito zake zisisimame, utumbo wake ushindwe kula, afe njaa.

Mokami akauliza swali ambalo Ombeni alikuja kuwasimulia walimu wake. "Na mbuzi hana fito hizo? Mbona yeye hafi?"

Ombeni alijibu, "Anazo. Na wewe unazo, mama. Na mhindi wa shambani unazo, na uyoga."

"Zinafanana?"

"Ya kwako na ya mbuzi, ukizipanga mstari juu ya mstari, karibu hutazitenganisha. Ya mbuzi na ya mnyoo, katika kila punje kumi, tisa au zaidi ni zilezile."

"Tangu lini?"

"Mzazi wa mwisho waliyemchangia aliishi zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita. Kila kiumbe aliyezaliwa na fito zilizokosewa, nyumba ilimwangukia, hakuacha mtoto. Kwa hiyo mpangilio ulibaki vilevile."

Mokami aliweza kuutaja ukoo wake mpaka babu wa saba, hapo akakwama. Sasa kijana wa Upare alikuwa anamwambia kuwa ndani yake kuna kitu kilichorithishwa bila kupotoshwa tangu kabla ya babu yeyote kuwa na miguu. Aliutazama mkono wake ulioshika kalamu. Alijisikia mkubwa, na akaona haya kujisikia mkubwa akiwa mshtakiwa.

"Endelea," alisema.

"Sasa, punje ya mia mbili. Hapo mbuzi na mnyoo walitofautiana. Mbuzi ana aina yake, mnyoo ana aina yake, na ni moja ya sababu zinazofanya dawa imshike mnyoo, mbuzi impite. Minyoo wa Mzee Nashoni nimewasoma. Wengi wao hapo pa mia mbili wana punje ya mbuzi."

"Mnyoo amevaa punje ya mbuzi."

"Hivyohivyo, mama. Dawa ni nzima. Ikifika kwa mnyoo haimtambui."

Ombeni alimsomea punje za jirani na hiyo, za mbuzi na za minyoo, naye Mokami akaziandika zote, kiboksi kwa kiboksi. Alikuwa ameshapona, nusu anacheka, alipouliza swali la mwisho. "Nani amembadilisha?"

"Hakuna aliyembadilisha. Kati ya mamilioni, huzaliwa mmojammoja hivyo. Aliyeirithi punje hiyo kwa mzazi mmoja tu, dozi kamili ingemuua. Nusu dozi inamwacha hai, anazaa, na watoto wake wanaoana wao kwa wao. Miaka mitatu minne ya nusu dozi, unabaki na hao tu."

Mokami aliweka kalamu chini.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Hiyo nusu dozi, nani aliileta?"

"Mimi," alisema Mokami.

Ombeni alikohoa. Kisha akasema polepole kwamba jambo hilo si lazima litajwe. Ameshtakiwa kuuza dawa, na dawa hakuiuza. Matokeo yanatosha kumsafisha. Alisema kwa nia njema, na Mokami alimshukuru kwa dhati, akakata simu, akakaa na daftari mapajani mpaka Ezra aliporudi shambani.

Siku ya ritongo alikwenda na ungo. Alikuwa amekusanya mbegu za aina kumi na moja, mbili kati ya hizo ameziazima kwa jirani, kila aina imesimama badala ya aina moja ya punje. Mahindi meupe, mahindi ya njano, kunde, mtama, mbegu za maboga, karanga, choroko, na maharage ya rangi nne. Ezra alimuuliza anakwenda kushtakiwa au kupanda, naye akamjibu kwamba akitengwa atahitaji mbegu.

Wazee walikaa. Mokami aliweka ungo chini, akafungua daftari, akapanga mistari mitatu, kila mstari mbegu ishirini na moja, kipande kidogo tu cha ule ushanga. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Huku akipanga aliwaeleza habari ya fito na ushanga, kama alivyoelezwa. Mstari wa juu aliuita mbuzi. Wa kati, mnyoo anayekufa kwa dawa. Wa chini, mnyoo wa Nyansurura.

"Baba Nashoni," alisema, "naomba uje uangalie wewe. Niambie wapi wanatofautiana."

Mzee alikuja kwa fimbo, akainama. Alianza kushoto. Akanyanyua macho akamtazama Mokami kana kwamba amepigwa chenga, akarudia. "Hii yote ni mamoja," alisema. Kisha akasimamisha kidole. "Hapa. Ya saba. Mbuzi ana karanga, mnyoo wa kati ana choroko." Akashuka mstari wa tatu, na kidole kikabaki hewani. "Huyu wangu ana karanga."

"Hiyo ndiyo punje ya mia mbili," alisema Mokami. "Dawa inashika choroko. Karanga inaipita, kwa sababu karanga ni ya mbuzi, na dawa haikutengenezwa kuua mbuzi. Baba, dawa niliyowanywesha ilikuwa dawa. Na uliyoivunja lakiri kwa mkono wako ilikuwa dawa."

Wazee wakasogea mpaka kivuli chao kikafunika ungo, wakaambiwa warudi nyuma. Mniko, mzee wa kanisa, akauliza kwa wasiwasi, "Unataka kusema mnyoo ni ndugu wa mbuzi?"

"Wa mbali sana. Na wetu pia. Ombeni anasema mstari wetu na wa mbuzi karibu huitofautishi."

Mniko aliwaza. "Mungu ni mmoja," alisema. "Hata fito anazikata kwa panga moja."

"Hilo muulize mchungaji, baba. Mimi hapa naulizwa habari ya maji."

Watu wakacheka, hata Mzee Nashoni midomo ilimcheza. Ukiwaangalia usoni ungejua kesi imekwisha. Mzee Thadeo alishika fimbo yake tayari kusimama, atamke kuwa Mama Bhoke ni msafi na kila mtu aende akale. Mokami aliiona fimbo ile inanyanyuka. Jina lake lilikuwa limerudi, zima, limepanda hata kuliko mwanzo, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

"Baba Thadeo, sijamaliza," alisema.

Akawaeleza. Kwamba mnyoo wa karanga alikuwepo tangu zamani, mmoja mmoja, na dozi kamili ilikuwa inawamaliza wengi wao. Kwamba kizibo kimoja cha soda kwa mbuzi mkubwa hakikuwaua, kiliwachagua. Kwamba wao hawakukosea kwa uchoyo, walikosea kwa kugawana, na aliyewafundisha kugawana vile ni yeye. Hakushusha macho. "Sikuiba," alisema. "Lakini huyu mnyoo tumemfuga, na mchungaji wake ni mimi. Nilifikiri najua, kumbe nilijua nusu."

Mzee Nashoni ndiye aliyeuliza. "Haya ya mwisho, yule kijana wa chuo alikutuma uyaseme?"

"Hapana, baba. Aliniambia si lazima."

"Na sisi tungeyajua wapi?"

"Msingeyajua."

Mzee akatikisa kichwa muda mrefu, kisha akageukia wenzake, wakaenda pembeni kushauriana. Waliporudi Mzee Thadeo alisimama. Alisema ritongo umeona hakuna wizi, na atakayetamka tena neno maji juu ya Mama Bhoke atalipa yeye. Alisema kuanzia sasa watanunua dawa ya aina nyingine, kama alivyoshauri kijana wa chuo, na haitagawanywa tena mlango kwa mlango. Mama Bhoke atafunua kope za mbuzi wote, na mbuzi mweupe atapata dozi yake nzima, awe wa nani, na mwekundu hatapata hata tone, awe wa nani. Hapo kila mtu alimwangalia Mzee Nashoni, maana mbuzi wake wengi ni wekundu na mchango wake ndio mkubwa. Mzee akasema, "Mnaniangalia nini? Nimekubali."

"Lakini," aliendelea Mzee Thadeo, "aliyepoteza njia akiwa mbele, wakamfuata, ana kosa. Kosa si wizi. Mwizi tunamtenga, hatuli kitu chake. Mkosaji ni mtu wetu, analipa mbuzi, tunakula naye. Mama Bhoke atalipa mbuzi mmoja."

"Nitalipa," alisema Mokami.

Asubuhi iliyofuata Ezra alitoa zizini jike moja linalochechemea. Faini ni faini, alisema, hakuna aliyetaja mbuzi gani. Mokami alilirudisha. Akaingia mwenyewe, akawapita wembamba na wazee, akamkamata beberu mnene aliyekuwa anamtunza kwa ajili ya ada ya Bhoke ya kidato cha tano, akamfunga kamba. Ezra akawafungulia mlango wa zizi.

Kuna njia ya nyuma ya kwenda kwa Mzee Thadeo, inapita bondeni, huonwi na mtu. Mokami alishika barabara kubwa, saa nne ya asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, beberu anatangulia. Alipita dukani, alipita mashine ya kusaga palipojaa wanawake na ndoo zao, alipita kijiwe cha bodaboda. Kila aliyemwona aliuliza anampeleka wapi beberu mzuri vile, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya kutosha wengine kusikia.

"Nakwenda kulipa faini yangu."